Kipimo cha Chupa ni Suala la Haki



Yeyote aliyewahi kuishi katika Tarafa ya Sale anajua kwamba maji ya mfereji hayachukuliwi na mtu kwa kadiri ya tamaa yake. Ndugu zetu Wabatemi, ambao wengi bado huwaita Wasonjo, wamelima kwa umwagiliaji kwa vizazi vingi, na wazee waitwao wenamiji ndio wasimamizi wa zamu za maji. Kila shamba lina zamu yake, na kila zamu ina mwisho wake. Hatujapata kumsikia mkulima akilalamika kwamba kuwapo kwa zamu kunamnyima uhuru. Kila mmoja anatambua kwamba pasipo kipimo, wa juu mferejini atashiba na wa chini atabaki na vumbi.

Tumeanza na mfereji kwa sababu tunataka kuzungumzia kipimo kingine ambacho hakina mzee wa kukisimamia, nacho ni kipimo cha chupa ya soda. Huenda msomaji akashangaa. Tume ya Haki na Amani imezoea kuandika juu ya ardhi, rushwa, mirathi ya wajane na haki ya kupiga kura. Je, soda nayo imekuwa jambo la haki? Tunajibu kwamba ndiyo, na tunaomba uvumilivu wa msomaji ili tueleze sababu zetu.

Tuliyoyaona sherehe ikiendelea

Katika sherehe moja ya Kipaimara tulimwona mzee wa jumuiya, mtu mwenye kisukari ambaye hali yake inajulikana kwa jirani zake wote, akiletewa chupa kubwa ya soda. Watoto na akina mama waliokaa nyasini walipewa chupa ndogo za kioo. Meza kuu ililetewa zile kubwa za plastiki, kwa heshima. Mzee akainywa yote mpaka tone la mwisho. Tulipomwuliza baadaye, alitujibu kwa upole: "Padre, ningeikataaje? Wameniletea kubwa kwa sababu mimi ni mzee wao."

Hatukuwa na la kumjibu. Sherehe ilikuwa yetu, kamati ilikuwa yetu, na orodha ya manunuzi ilipita mikononi mwetu. Mzee yule hakuchagua kiasi cha sukari alichokunywa siku ile. Sisi tulimchagulia, kisha tukakiita heshima.

Ugonjwa huu si wa mbali

Wapo wanaodhani kwamba kisukari ni ugonjwa wa matajiri wa mijini. Watu wa Sale hawana udhuru wa kusema hivyo. Mwaka 2011 macho ya taifa zima, na hata ya nchi jirani, yalielekezwa katika kijiji cha Samunge, katika tarafa hii hii. Maelfu kwa maelfu ya watu walipanga foleni ya magari na ya miguu ili wapate kikombe kimoja cha dawa ya mugariga kutoka kwa mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, aliyejulikana kama Babu wa Loliondo, ambaye alifariki dunia mwaka 2021. Kikombe kilitolewa kwa shilingi 500, na kisukari kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyotajwa kwamba kinayaponya.

Hatuandiki haya ili tumcheke marehemu, wala wale waliokwenda kwake. Mgonjwa aliyekata tamaa hastahili kuchekwa. Hakuna ushahidi wa kitabibu uliothibitisha kwamba kikombe kile kiliponya kisukari, na mgonjwa aliyeacha dawa zake kwa ajili yake alijitia hatarini. Lakini foleni ile ilitufundisha jambo moja ambalo hatukulizingatia wakati ule, kwamba waliokuwa wakiteseka kwa kisukari katika nchi yetu walikuwa wengi mno kuliko tulivyodhani. Mwaka uliofuata, 2012, uchunguzi wa kitaifa juu ya magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba asilimia 9.1 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari. Maana yake ni karibu mtu mmoja katika kila watu kumi na mmoja. Hesabuni mabenchi ya kanisa lenu siku ya Dominika, nanyi mtaelewa.

Hatusemi kwamba soda ndiyo chanzo pekee. Kuna kurithi katika ukoo, kuna unene, kuna kukaa bila kazi ya mwili, na kuna aina ya kisukari inayowapata hata watoto bila kosa lolote la chakula. Lakini imekwisha kuthibitishwa kwamba unywaji wa mara kwa mara wa vinywaji vyenye sukari huongeza uzito, na huongeza hatari ya kupata ile aina ya kisukari inayowapata wengi ukubwani. Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga huanza na kujua hesabu.

Hesabu ya vijiko

Soda ya kola ya kawaida ina takribani gramu 10.6 za sukari katika kila mililita 100. Basi chupa ya kioo ya mililita 350 inabeba gramu 37 hivi, ambazo ni kama vijiko 9 vya chai. Chupa ya plastiki ya mililita 500 inabeba gramu 53, yaani kama vijiko 13. Ni mama gani ambaye angemtilia mtoto wake vijiko 13 vya sukari katika chai, halafu jirani zake wasimshangae? Lakini sukari hiyo hiyo ikishayeyushwa, ikapozwa na kutiwa gesi, hatuioni tena.

Kalori ni kipimo cha nguvu ambayo mwili huipata katika chakula. Gramu moja ya sukari hutoa kalori 4 hivi. Kwa hiyo chupa ndogo ina karibu kalori 150, na kubwa ina karibu kalori 210. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu yote tunayoipata kwa siku, na kwamba ingefaa zaidi isizidi asilimia 5. Kwa mtu mzima anayehitaji kalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50. Maana yake, chupa moja kubwa huvuka mpaka wa siku nzima kabla hata hajaonja uji wa asubuhi wala chai ya jioni.

Tukumbuke pia kwamba vipimo hivi havikushuka kutoka mbinguni. Ile chupa mashuhuri ya Coca-Cola yenye kiuno, iliyobuniwa Marekani mwaka 1915, ilikuwa na mililita zisizofika 200. Mtu aliyeridhika na chupa ile hakuwa na kiu pungufu kuliko yetu. Kilichokua ni chombo, nasi tukakua pamoja nacho.

Je, chombo hututawala?

Hapa yatupasa kuuliza swali la haki kabisa: je, ni kweli kwamba mtu akipewa chombo kikubwa hunywa zaidi, au hunywa mpaka kiu ikatike kisha akaacha? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, walilichunguza jambo hili na kutoa matokeo yao mwaka 2006. Waliwaalika wanawake 18 na wanaume 15 kula chakula cha mchana mara moja kwa juma, kwa majuma sita. Siku nyingine waliwapa kinywaji cha kipimo cha kawaida, na siku nyingine waliongeza kipimo hicho kwa nusu yake. Kinywaji kilipokuwa kikubwa, watu walikunywa zaidi, kiwe ni maji au soda. Ilipokuwa soda ya sukari, wanawake walipata nguvu zaidi kutoka katika kinywaji kwa asilimia 10, na wanaume kwa asilimia 26.

Lakini jambo zito zaidi ni hili: hawakupunguza chakula. Waliokunywa soda ya sukari walikula sawa na siku walizokunywa maji, hivyo kalori za soda zikaongezeka tu juu ya zile za chakula. Tazameni vijana wetu wanaokwenda kutafuta kazi Karatu, ambako vibanda vya chipsi vimejipanga kandokando ya barabara iendayo Ngorongoro. Kijana anayeagiza chipsi mayai na soda hapunguzi chipsi kwa sababu soda ni kubwa. Sahani huisha, na chupa nayo huisha. Tumbo halihesabu kinywaji kama linavyohesabu ugali.

Mji mmoja uliothubutu

Tarehe 13 Septemba 2012 Bodi ya Afya ya jiji la New York, kwa pendekezo la Meya Michael Bloomberg, ilipitisha kanuni kwamba migahawa, majumba ya sinema, viwanja vya michezo na vibanda vya chakula visiuze kinywaji chenye sukari katika chombo kinachozidi wakia 16, yaani takribani mililita 473. Tuangalie vizuri kipimo hicho. Dari waliloliweka kwa watu wao, ambalo wengi wao waliliona dogo mno, liko juu ya chupa yetu ya kioo na linakaribia ile yetu kubwa ya plastiki.

Mwaka huo huo watafiti walipitia risiti za wateja wa migahawa ya vyakula vya haraka ili wakadirie kanuni ile ingeleta nini. Waliona kwamba asilimia 62 ya vinywaji vyenye sukari vilivyonunuliwa huko vilizidi kipimo hicho. Endapo wanunuzi wote wa vyombo vikubwa wangeshuka mpaka kipimo kilichowekwa, kila kinywaji kingepungua kwa wastani wa kalori 63. Mtu atasema: kalori 63 ni kitu gani? Ni karibu sawa na tofauti iliyopo kati ya chupa yetu ya kioo na ile ya plastiki. Ni kidogo kweli, kama mara moja. Lakini wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha ziada kikijaa kila siku, mwili ndio unaobeba.

Kanuni ile haikuanza kutumika. Mwezi Machi 2013, siku moja kabla ya kuanza, hakimu aliisimamisha, na tarehe 26 Juni 2014 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York ikaifuta kabisa, kwa hoja kwamba Bodi ya Afya ilijitwalia madaraka ya kutunga sheria yasiyokuwa yake. Tena watu walikuwa wamenung'unika kwamba kanuni iliwabana baadhi ya wauzaji na kuwaacha wengine: mgahawa ulikatazwa, lakini duka la jirani likaruhusiwa kuuza chombo cha karibu lita nzima.

Watafiti nao hawakuafikiana katika yote. Mwaka 2013 wale wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu orodha za vinywaji wachague. Pale ambapo vyombo vidogo viwili viliuzwa kama fungu moja, watu walichagua kununua kinywaji kingi zaidi kuliko pale ambapo vyombo vikubwa viliruhusiwa. Uchunguzi mwingine uliotolewa mwaka 2017 haukuona madhara hayo ya mafungu, lakini uliona kwamba mtu akijaziwa tena bure na mhudumu pale alipoketi, hunywa zaidi. Kwa ufupi: kupunguza chupa kunasaidia, lakini kunabatilika iwapo mkono unaoleta chupa ya pili uko karibu.

Tunajifunza nini?

Kutokana na hayo, sisi tunaona mambo matatu.

Kwanza, si kweli kwamba kila anywaye amechagua kiasi anachokunywa. Mtengenezaji amekwisha kuchagua ukubwa, mwenye duka amechagua kipi kikae mbele ya friji, na mwenye sherehe amechagua nani aletewe kipi. Mnywaji huja mwisho, na mara nyingi humaliza kilichowekwa mbele yake. Penye mamlaka hayo juu ya mwili wa mwingine, pana wajibu, na penye wajibu haki haiwezi kukosa kutajwa.

Pili, kipimo kizuri kinaweza kuanguka kwa sababu ya njia mbaya. Kipimo kinachomhusu mmoja na kumwacha mwingine huamsha manung'uniko, na kipimo ambacho watu hawakushirikishwa hukosa mlinzi. Wenamiji hutiiwa kwa sababu zamu inamhusu kila mtu, naye kila mtu anaijua.

Tatu, kupunguza kitu bila kuweka kingine mahali pake ni nusu ya kazi. Mtu mwenye kiu atakunywa. Mahali ambapo soda inapatikana na maji safi hayapatikani, tukimwambia mtu apunguze soda tunamwachia mzigo wetu.

Pingamizi mbili

Tunajua yatakayosemwa. Wengine watasema: "Padre, huku kwetu kuna njaa. Ukame ukija, watoto wanakonda, nawe unatuhesabia kalori za soda?" Pingamizi hilo ni zito, nasi hatulipuuzi. Lakini njaa na kisukari havikai katika nyumba tofauti. Soda humpa mtoto nguvu ya muda mfupi, lakini haimjengi misuli wala damu, kwa kuwa haina protini wala madini ya maana. Fedha iliyonunua soda haikununua maharage, wala mayai, wala maziwa. Familia yenye kidogo ndiyo inayohitaji zaidi kwamba kila shilingi ya chakula iwe chakula kweli. Aidha maskini akiugua kisukari, gharama ya safari kwenda hospitali, dawa na vipimo humwondolea hata kile kidogo.

Wengine watasema: "Na mama mwenye kioski, anayesomesha watoto kwa kreti za soda, mnamtupa wapi?" Hatumtupi. Hatujasema soda iharamishwe, wala hatumwiti mwenye duka mwenye dhambi. Tunasema chupa iwe ndogo, na maji yawe karibu. Chupa ya kioo hunywewa pale pale dukani na kurudishwa kwenye kreti yake, nayo kwa namna hiyo hujiwekea mpaka yenyewe. Mama huyo anaweza kuiuza, na kuuza maji, na kuuza maziwa, bila kupoteza mteja.

Tuanzie kwetu

Mafundisho ya Jamii ya Kanisa yana kanuni ya auni: jambo linaloweza kutendwa vema na walio chini lisinyang'anywe na walio juu, nao walio chini wasikae wakingoja kutendewa. Serikali ina sehemu yake. Ni wajibu wake kuhakikisha maji safi yanafika shuleni na zahanati, na kwamba kiasi cha sukari kinaandikwa kwenye chupa kwa Kiswahili kinachosomeka. Uingereza, kwa mfano, ilianza mwezi Aprili 2018 kutoza ushuru kwa kadiri ya sukari iliyomo katika kinywaji, na watengenezaji wengi wakapunguza sukari hata kabla ya siku hiyo kufika. Lakini sherehe za parokia haziamuliwi na serikali. Hizo ni zetu, na hapo hatuna wa kumlaumu.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba Halmashauri za Walei, pamoja na WAWATA ambao ndio wanaobeba mzigo wa jikoni, wakubaliane hadharani juu ya mambo manne. Katika kila sherehe ya parokia maji ya kunywa yaliyo safi yatangulie mezani kabla ya kinywaji kingine chochote. Soda ikiwapo, iwe chupa ndogo ya kioo, moja kwa kila mtu, na ya pili isipelekwe mpaka mtu aifuate mwenyewe. Meza kuu ipewe kipimo kile kile cha walioketi nyasini, akiwemo padre, na akiwemo mgeni rasmi. Na yeyote anayekataa soda asishurutishwe wala asiulizwe sababu mbele za watu, maana ugonjwa wa mtu ni siri yake.

Jambo la tatu ndilo litakalokuwa gumu. Tumezoea kumheshimu mtu kwa kumwongezea. Lakini Waisraeli jangwani walipookota mana, kila mtu alipata kwa kadiri ya haja yake, na iliyowekwa akiba kwa uchoyo ikaoza. Heshima ya kweli kwa mzee ni kumtakia aione Kipaimara ya mjukuu wake, akiwa na miguu yake miwili na macho yanayoona.

Katika sherehe iliyofuata ile tuliyoisimulia, tulijaribu. Hapakuwa na tangazo refu. Ndoo za maji yaliyochemshwa zilitangulia, kisha chupa ndogo, sawa kwa wote. Baadhi ya wageni walitazamana. Mzee wetu alipitiwa na kijana wa VIWAWA aliyebeba jagi, akainua bilauri yake, akajaziwa maji, akaendelea na mazungumzo. Hakuna aliyemtazama, kwa sababu wote waliomzunguka walikuwa na maji mbele yao.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika sherehe yetu ya mwisho, nani aliamua ukubwa wa vinywaji, na kwa sababu gani?

2. Je, watoto wa shule yetu wana maji safi ya kunywa? Kama hawana, ni nani aulizwe, na nani kati yetu atakwenda kumwuliza?

3. Ni kipimo gani tunachoweza kukubaliana sote, bila kumwacha yeyote nje yake?